Mfuko Ambao Haukumwagwa

Rodarve, 9 Februari 1961

Mdogo wangu Botilda,

Natumaini barua hii itakukuta huko Uppsala kifua chako kikiwa kimepoa. Sisi wa Gotland tupo. Mama alitimiza miaka themanini na nne Jumapili iliyopita. Miguu haimbebi tena, lakini ulimi bado una nguvu zake zote, na keki ya zafarani alikula vipande viwili akaomba cha tatu. Asta mke wangu anakusalimu. Kondoo wameanza kuzaa mapema mwaka huu na theluji bado inafika magotini, kwa hiyo kuandika barua ndiyo mapumziko yangu.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha mezani. Unajua mimi ni mwenyekiti wa chama cha urithi cha parokia yetu. Mwaka huu, siku ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, tutasimamisha jiwe la kuwakumbuka wote waliowahi kuondoka kisiwani, kuanzia wale wa kale, watu walipojaa hadi ardhi ikashindwa kuwalisha, wakapiga kura ya bahati na theluthi moja ikaondoka, mpaka hawa wa juzi waliokwenda Amerika. Jiwe ni la chokaa, refu kuliko mimi, na maneno yake yameshachongwa: KWA WALE AMBAO KURA ILIWAANGUKIA. Nilisimama mbele ya kamati nikasema, dada yangu anaandika kitabu juu ya asili yetu Waguta wa kisiwa hiki, ataombwa nani mwingine aje kuzungumza? Wote wakakubali.

Wiki iliyofuata gazeti la Visby likachapa makala yako. Nilikuwa kwenye duka la ushirika nanunua misumari. Ture wa Gannarve alikuwa amesimama katikati ya duka analisoma kwa sauti kama kasisi. Aliponiona akasema, "Hjalmar, kumbe babu zetu walikuwa waongo. Dada yako amesoma miaka mingapi hata akagundua hilo?" Watu wakacheka. Nililipa misumari nikaondoka bila kusubiri chenji.

Botilda, kura ile ndiyo kitu pekee tulichonacho. Bara wana wafalme, wana makanisa makubwa. Sisi tuna mawe, kondoo na hadithi ya watu waliogawana shida kwa haki, hakuna aliyeonewa. Na hao walioondoka ndio waliokwenda kuvunja milango ya Rumi. Marehemu baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma. Wewe umekaa kwenye joto la maktaba unaandika kwamba hadithi ya kura ilitungwa na waliobaki. Umetuvua nguo mbele za watu. Nataka uandike gazetini kwamba hukueleweka, halafu uje useme mbele ya jiwe mambo yanayostahili kusemwa.

Kaka yako,
Hjalmar wa Rodarve


Uppsala, 3 Machi 1961

Kaka Hjalmar,

Nimepokea barua yako na salamu zote. Kifua kimepoa, ahsante. Mwambie mama nimefurahi kwamba amekula vipande viwili, na Asta amnyime hicho cha tatu. Wasichana ninaowafundisha wana mtihani, na mimi nasahihisha huku nikipiga chafya.

Sitaandika kwamba sikueleweka, maana nimeeleweka vizuri mno. Kuhusu Rumi, hakuna anayejua kama wale walikuwa wa kwetu, na Ture wa Gannarve hajui kuliko mimi. Ninachokijua ni hiki. Kote kisiwani kuna misingi ya nyumba za kale, mamia na mamia, zilizohamwa karibu wakati mmoja. Nyingine zimeungua. Na hadithi yenyewe, ile aliyotusimulia baba, inasema walioangukiwa na kura walikataa kwenda. Walipanda mlimani wakajijengea ngome. Waliobaki wakawatoa. Wakakimbilia kisiwa kidogo cha kaskazini, wakatolewa tena. Sasa nakuuliza wewe mwenyekiti wa chama: mtu aliyeshindwa kwa kura ya haki anajenga ngome ya nini? Alikuwa anamwogopa nani? Hadithi imekaa kwenye midomo ya waliobaki miaka elfu na mia tano, na bado wameshindwa kuificha hiyo ngome.

Hayo nayaandika kwa ajili ya kitabu. Yanayofuata ni kwa ajili yako peke yako.

Kiangazi kilichopita nilipokuja Gotland sikufika Rodarve, na unajua. Nilikuwa pwani ya kusini naandika habari za mgao wa mwani, jinsi mashamba yanavyopigiana kura kujua nani atazoa mwani sehemu gani ya ufuo. Mzee mmoja alinionyesha mfuko wake na vijiti vyake, kila kijiti kina alama ya nyumba. Mtu wa nje anatia mkono, anatoa kijiti kimoja, kinasomwa. Halafu mfuko unamwagwa juu ya jiwe ili kila mtu avione vilivyobaki. Nikamwuliza, wasipomwaga je? Akanitazama kama niliyemtukana. Akasema, "Mfuko usiomwagwa si kura, binti. Hata watoto wanajua."

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na sita mwezi Oktoba 1931. Baba alituita jikoni sisi watatu, wewe, marehemu Edvin na mimi, akasema shamba haliwezi kulisha watatu, na sisi ni Waguta, tutafanya kama walivyofanya Waguta. Siku ya kura jirani Lambert akatia mkono mfukoni. Kikatoka kijiti changu. Baba akaniambia niondoke kichwa juu kama wale wa kale. Baada ya wiki moja nilikuwa Stockholm naosha sakafu za watu nisiowajua. Nilimwamini baba, Hjalmar. Nilijivunia kura ile. Nilisoma usiku na mchana miaka ishirini kwa sababu nilitaka kujua kama wale wa kwanza nao walilia.

Nieleze kitu kimoja tu. Kwa nini baba aliutupa mfuko jikoni motoni kabla haujamwagwa?

Dada yako,
Botilda


Rodarve, 20 Machi 1961

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa kila kitu, hatujambo. Wana-kondoo ishirini na saba wamezaliwa, wawili wamekufa. Mama alipata mafua lakini yameisha. Ukuta wa malisho ya mashariki umebomoka kwa barafu, na mgongo wangu umebomoka pamoja nao.

Kuhusu ngome, kila mtu anajua watu hukasirika wakishindwa. Si ajabu. Kasisi naye anasema hivyo.

Hilo la mfuko silikumbuki vizuri. Ni miaka thelathini. Nadhani mama alitaka kuwasha jiko na mfuko ulikuwa umeraruka. Baba alikuwa mtu wa haraka, unamjua. Usichimbue makaburi.

Kamati inasubiri jibu. Je, utakuja? Ratiba inachapishwa baada ya Pasaka.

Hjalmar


Uppsala, 25 Machi 1961

Hjalmar,

Mimi sijambo, salamu zimefika, mpe pole mama.

Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi wa Oktoba. Jiko lilikuwa linawaka tangu alfajiri, juu yake kuna sufuria ya vichwa vya kondoo. Mama hakuwa na haja ya kuwasha chochote. Na mfuko haukuwa umeraruka. Mama aliushona mwenyewe wiki ile kwa kitambaa cha gunia, nilimshikia taa. Unaandika hulikumbuki vizuri, halafu unakumbuka kwamba uliraruka. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi si mtoto tena.

Makaburi ndiyo kazi yangu. Jibu swali.

Botilda


Uppsala, 2 Mei 1961

Hjalmar,

Wiki tano. Posta inafika Gotland hata wakati wa barafu, na sasa hakuna barafu. Nimepokea kadi ya Pasaka kutoka kwa Asta, ina kifaranga cha njano na maneno "wote wazima". Kwa hiyo hujafa.

Kitabu kinakwenda kwa mchapishaji mwishoni mwa Juni. Ukurasa mmoja nimeuacha mtupu. Ratiba yenu nayo nimeiona, maana Asta aliiweka ndani ya kadi. Imeandikwa "Bi Botilda kutoka Uppsala atasema juu ya kura ya kale". Nani kakwambia nimekubali? Hata hilo mmenipangia.

Botilda


Rodarve, 28 Mei 1961

Botilda,

Salamu nimeziacha, utanisamehe. Nimeichana barua hii mara nne na ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Kwanza na mimi nina langu. Unaandika kama mtu aliyeporwa. Uliporwa nini? Una kazi ya heshima, una vitabu, ukikohoa unakwenda kwa daktari kwa miguu. Mimi nilibaki na nini? Baba aliishi miaka ishirini na tatu baada ya wewe kuondoka, na kila siku ya miaka hiyo nilikuwa mimi niliyekaa naye meza moja. Hukumsikia alipolewa pombe iliyopikwa kwa matawi ya mreteni. Edvin alipozama mwaka arobaini na mbili ni mimi niliyemtoa majini, wewe ukaleta shada la maua kwa posta. Nimejenga kuta za mawe mpaka vidole havikunjiki. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki. Nikikusoma gazetini nahisi moto kifuani, siyo kwa sababu ya babu zetu, bali kwa sababu wewe ndiye uliyetoka.

Hayo nimeyasema. Sasa swali lako.

Unakumbuka alama zetu. Alama ya nyumba, halafu mikato: mimi mmoja, Edvin miwili, wewe mitatu. Siku mbili kabla, baba alinikuta bandani akanipa vijiti vitatu vya mreteni na kisu chake. Akasema, "Chonga vyote vya Botilda." Nikamwuliza, vyote? Akasema mvulana anabeba mawe, msichana ataolewa shamba la watu hata hivyo, kwa hiyo yeye ndiye wa kuondoka. Nikasema basi mwambie tu aende. Akasema, "Nikimwambia atabisha. Kura haibishiwi."

Nilichonga mikato tisa. Nilikuwa na miaka ishirini, na tangu alipotangaza kura nilikuwa siwezi kula kwa kuogopa kwamba itakuwa mimi. Nilipojua si mimi nilikula vizuri usiku ule. Hilo ndilo nililokuwa sitaki kuliandika, kuliko hata vijiti.

Lambert hakujua. Edvin hakujua. Kuhusu mama usiniulize.

Hjalmar


Uppsala, 4 Juni 1961

Hjalmar,

Nimeisoma. Nimetoka nikatembea mpaka kwenye vile vilima vitatu vya makaburi ya wafalme wa kale, nimerudi, na hasira haijapungua hata kidogo.

Ungefikiri nina hasira kwa sababu ya kufukuzwa. Sivyo. Kama baba angesema, "Toka, sina chakula chako," ningebisha, ningevunja sahani, ningeondoka nikimchukia, na kufikia mwaka arobaini ningekuwa nimeshamsamehe. Mtu unaweza kumsamehe. Nyinyi hamkunipa mtu. Mlinipa kura. Niliposugua ngazi za ghorofa nne kwa magoti na mikono imepasuka, nilitafuta wa kumlaumu sikumpata. Nikamlaumu Mungu. Nikajilaumu mwenyewe, nikawaza labda bahati inajua kitu juu yangu. Miaka thelathini naamini kwamba mkono wa mtu asiye na upendeleo uliingia ndani ya mfuko ukanikataa.

Na ungekuwa umenyamaza tu, ningeelewa. Lakini umeninunulia jiwe. Umechonga juu yake neno hilo hilo, na ukataka nije nisimame pembeni yake na kulibariki.

Habari ya kukaa na baba nimeisikia. Ni kweli na ni chungu, na shada la maua linanitia aibu. Lakini usizipime hizo shida zetu mbili kwenye mizani moja. Wewe ulijua nani alikubakisha.

Nitakuja siku ya jiwe kwa sharti moja. Utasema wewe kwanza, mbele ya parokia nzima na Ture wa Gannarve akiwemo, kile ulichoniandikia. Maneno yale yale, na hesabu ya mikato. Usiposema, siji, na ule ukurasa mtupu nitaujaza mimi.

Botilda


Rodarve, 30 Juni 1961

Botilda,

Asta anakusalimu, sijui kama bado ananisalimu mimi.

Hukuja, na ulifanya vizuri. Telegramu yangu ya tarehe ishirini na mbili ilisema "siwezi", na siku ile nilikuwa siwezi kweli. Watu walikuwa mia mbili. Nguzo ya maua imesimikwa, filimbi zinalia, mama tumembeba na kiti chake mpaka mbele. Nilisimama na karatasi yangu ilikuwa na maneno yale. Nikafungua mdomo, nikawashukuru waliochangia saruji. Nikasema neno juu ya hali ya hewa. Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi, Ture akaja akanishika mkono akasema, "Sasa hiyo ndiyo historia." Nikamwambia ahsante.

Tulipofika nyumbani nilishindwa kukaa. Nilichukua nyundo na patasi nikarudi. Jua lilikuwa bado juu, wanawake wa chama walikuwa wanakusanya vikombe vya kahawa. Nikaanza na herufi ya kwanza ya neno KURA. Chokaa ni laini, haikunichukua muda. Mke wa kasisi alikuja mbio akasema, "Hjalmar, umekunywa?" Nikasema, "Sijakunywa, nyamaza nimalize." Wakakusanyika. Ture akanishika bega, nikamwambia aliache bega langu kama anapenda meno yake. Neno lilipokwisha kutoka nikageuka nikawaambia wote waliokuwa pale, kama thelathini hivi. Vijiti vitatu, mikato tisa, jina lako, jina la baba, jina langu. Na kwamba nililala nimeshiba.

Halafu Ture, na sauti yake ile ya dukani imemwishia, akauliza, "Kwa hiyo na shangazi yangu aliyekwenda Amerika..." Akaacha hapo. Watu walianza kutazamana, Botilda. Karibu kila nyumba hapa ina mtu ambaye kura ilimwangukia.

Jumatatu kamati ilikaa ikanivua uenyekiti. Wanasema nigharimie jiwe jipya. Wanaweza kusubiri.

Sasa lililobaki. Niliporudi mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha na vumbi la chokaa lilikuwa limenijaa nywele. Nikapiga magoti nikamwambia, mama, nimewaambia watu habari ya Botilda. Nilidhani atashtuka. Hakuuliza habari gani. Aliuliza tu, "Umesema yote?" Nikamwambia nimesema ninayoyajua. Akasema, "Basi hujasema yote." Tangu hapo hajanena tena juu ya jambo hilo, na mimi sijathubutu kumwuliza. Nimekuandikia kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

Hjalmar


Uppsala, 9 Julai 1961

Kaka Hjalmar,

Salamu kwako na kwa Asta. Kwa mama nitazileta mwenyewe.

Mchapishaji amenipa wiki tatu zaidi. Nilimwambia ukurasa mmoja bado, akauliza unahusu karne ya sita au ya saba, nikamwambia ya ishirini.

Sijakusamehe, usijidanganye. Nilipofika mahali ulipompa Ture ahsante niliitupa karatasi yako sakafuni. Nilipofika kwenye patasi niliiokota. Nimebaki hapo, sijasogea zaidi, na sijui kama nitasogea.

Mimi ndiye niliyemshikia taa mama akiushona ule mfuko. Alikuwa ananisimulia jambo la kuchekesha na sote wawili tulicheka hadi akajichoma sindano. Tangu ilipofika barua yako ya mwisho siwezi kukumbuka lilikuwa jambo gani, na ninataka kujua kama alikuwa anajua wakati anacheka.

Naja na meli ya Jumanne tarehe kumi na nane. Usije bandarini, nitapanda basi. Sitaki kuandaliwa chumba wala kuchinjiwa kondoo. Nitakaa na mama jikoni nimwulize, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, maadamu ulimi wake bado una nguvu. Na wewe utakuwepo hapo. Akikataa kusema, tutakaa wote watatu mpaka aseme. Akisema, utasikia kama mimi nitakavyosikia, kwa mara ya kwanza sote wawili kwa pamoja. Ukitaka kulia, lia. Lakini usitoke.

Dada yako,
Botilda wa Rodarve